Wimbo Unaotaja Tarehe

Wageni Wamarekani wakija ibadani kwetu husimama nyuma kidogo, huwatazama akina mama wakipunga leso na kuzunguka mbele ya madhabahu, kisha mmoja wao hunijia baada ya baraka na kuniuliza: watu mliopitia mambo yale, furaha hii mnaitoa wapi? Mara nyingi naona ameshajijibu. Anadhani ndivyo Waafrika tulivyo, kwamba tulizaliwa nayo. Mimi ni mwalimu wa kwaya, na jibu langu humkatisha tamaa. Tunaitoa mazoezini, Jumamosi saa kumi jioni, kwa kugombana.

Furaha ya ibada ina historia. Ina waliotufundisha, ina utaratibu wake, na utaratibu huo ulibebwa kwa miguu, kwa boti na kwa ndege hadi ukafika Grant Street. Nitaueleza nilivyoupokea mimi, binti wa Uvira, mashariki mwa Kongo, niliyelelewa katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania.

Grant Street iko upande wa magharibi wa jiji la Buffalo, katika jimbo la New York. Inaanzia karibu na Hampshire, inakatana na West Ferry, inapita Lafayette, inaambaa na chuo cha Buffalo State na kuishia huko Black Rock. Basi lake ni namba 3. Kabla yetu mtaa ulikuwa wa Waitaliano, na duka la Guercio bado lipo, makasha ya mboga yamepangwa nje kandokando ya njia. Mama zetu hununua hapo pilipili na biringanya na kulalamika bei kwa Kiswahili, wakijua fika mwenye duka haelewi. Mwaka 1950 Buffalo ilikuwa na watu 580,000. Viwanda vya chuma vikafa, watu wakahama, na kufikia 2010 walikuwa wamebaki 261,000 hivi. Sensa ya 2020 ilihesabu 278,000, ongezeko la kwanza katika miaka 70, na wakimbizi na wahamiaji wana sehemu kubwa katika ongezeko hilo: Wakaren wa Burma, Wasomali, Wabangladeshi, Waburundi, sisi Wakongo. Nyumba zilizokuwa zimezibwa madirisha kwa mbao zikapata mapazia.

Ukiishika West Ferry kutoka Grant na kushuka nayo mpaka mwisho, unafika mto Niagara, mahali panapoitwa Broderick Park. Ng'ambo unaiona Kanada. Zamani kivuko kilikuwa hapo, na watumwa waliotoroka kutoka majimbo ya kusini walivuka hapo kwenda Fort Erie, hasa baada ya sheria ya 1850 iliyowaruhusu mabwana zao kuwafuata hata katika majimbo huru. Katikati ya jiji kuna kanisa la Michigan Street Baptist, lililojengwa na Waafrika Wamarekani katika miaka ya 1840, ambalo liliwahifadhi watu wa namna hiyo. Niliposimama pale mtoni mara ya kwanza nilimwambia mwenzangu kwamba waliovuka hapa lazima waliimba. Akanijibu kwamba aliyefuatwa na mbwa haimbi, anafunga mdomo. Nadhani yeye alikuwa sahihi. Wimbo huja ukishavuka, au ukiwa bado hujaondoka. Watu wanavuka hata sasa. Hifadhi iitwayo Vive, inayosimamiwa na kituo cha afya cha Jericho Road kutoka mtaani kwetu, hupokea waomba hifadhi wengi wanaoelekea Kanada, na baadhi ya niliowafundisha sauti ya pili leo wanaimba Hamilton na Toronto.

Sasa nirudi nyuma zaidi, kwa waliotufundisha.

Mwaka 1929, pale Namirembe, Kampala, daktari Mwingereza aitwaye Joe Church, mmisionari wa hospitali ya Gahini nchini Rwanda, alikutana na Mganda, Simeoni Nsibambi. Walisoma Biblia pamoja na kuomba pamoja, mweupe na mweusi, jambo ambalo siku hizo halikuwa dogo. Katika miaka ya 1930 moto wa uamsho ulitoka Gahini ukaenea Uganda, Burundi, Tanganyika, Kenya na Kongo. Waganda waliwaita watu wake Balokole, yaani waliookoka. Wengi wanakumbuka wimbo wao wa Tukutendereza, ambao hata asiyejua Kiganda anaujua. Wachache wanakumbuka uliimbwa lini. Mtu alisimama mkutanini akasema dhambi yake waziwazi: nimeiba dawa za hospitali, nimemchukia fulani kwa sababu ya kabila lake, nimekuwa mchungaji wa maneno matupu. Akimaliza kusema, ndipo kundi lilipomzunguka kwa wimbo. Hakuna aliyeimbiwa kabla ya kusema.

Utaratibu huo uliwaudhi wakubwa. Mwaka 1941 wanafunzi 26 walifukuzwa katika chuo cha theolojia cha Mukono kwa sababu ya uamsho. Kenya, wakati wa Mau Mau, ndugu wa uamsho walikataa kiapo cha msituni na wakakataa vilevile bunduki ya serikali, wakauawa baadhi yao. Uganda, tarehe 16 Februari 1977, utawala wa Idi Amin ulimuua Askofu Mkuu Janani Luwum, mtu wa uamsho, na mwili wake haukuletwa Namirembe. Waumini walikusanyika hata hivyo, wakaimba kando ya kaburi lililochimbwa na kuachwa tupu. Nikisikia mtu anasema furaha ya Mkristo wa Afrika Mashariki ni kusahau shida, huwa namkumbusha kaburi lile. Walioimba pale walijua barabara ni nani hayumo ndani yake, na ni nani aliyemzuia asiwemo.

Kwetu Uvira walifika Waswidi wa Kipentekoste mwaka 1921. Babu yangu alijifunza do-re-mi kwao, akawa wa besi hadi uzeeni. Wamisheni walijenga shule, makanisa, na hospitali ya Lemera milimani. Huko Lemera, tarehe 6 Oktoba 1996, wenye silaha waliingia hospitalini na kuwaua wagonjwa vitandani pamoja na wauguzi. Daktari mkuu wa hospitali hiyo alikuwa Denis Mukwege, mtoto wa mchungaji, ambaye mwaka 1999 alianzisha hospitali ya Panzi kule Bukavu na mwaka 2018 akapewa tuzo ya Nobel ya amani. Kabla mwezi ule haujaisha Uvira nayo ilikuwa imeanguka mikononi mwa waasi. Tarehe 29 Askofu Mkuu Christophe Munzihirwa aliuawa Bukavu. Sisi tulikuwa tumeshapanda boti. Nilikuwa na miaka 11, na nilichokumbuka kubeba ni viatu vya kanisani.

Nyarugusu, katika wilaya ya Kasulu mkoani Kigoma, ilifunguliwa mwaka huohuo kwa ajili yetu. Mwanzoni ilikuwa maturubai na vumbi jekundu. Kambi ilikuwa na sheria zake: huruhusiwi kwenda mbali bila kibali, unakula posho inayogawiwa, unga na dengu na mafuta na chumvi, unasubiri. Makanisa yalianza kabla ya shule. Na mahali penye kanisa la Wakongo, hata la miti na nyasi, kwaya haikosi, na kwaya moja haitoshi: kuna ya wazee, ya mama, ya vijana, ya watoto, na kila mwaka mojawapo hupasuka ikazaa nyingine kwa sababu ya ugomvi wa fedha au wa sare.

Walimu wetu wa kwanza kambini walikuwa kaseti. Mtu mmoja alikuwa na kaseti ya kwaya ya Barabara ya 13, Ulyankulu, mkoani Tabora. Ulyankulu ni makazi yaliyofunguliwa kwa Waburundi waliokimbia mauaji ya 1972, na vijiji vyake huitwa kwa namba za barabara zilizochongwa msituni. Watu wale walifika porini penye mbung'o, wakafyeka, wakalima, na kwaya zao zikasikika Radio Tanzania hata nyumbani kwa watu ambao hawangejua kuionyesha Ulyankulu kwenye ramani. Tulianika betri juani zipate nguvu kidogo, tukasikiliza, tukarudisha nyuma kwa kalamu ili tusizimalize betri, tukasikiliza tena. Gitaa letu la kwanza mwili wake ulikuwa kopo la mafuta ya msaada. Lilikuwa na maandishi USA upande wa mbele, na mpigaji alikataa kuyafuta. Alisema ndiyo anwani anayokwenda. Hakufika yeye, yuko Nyarugusu bado.

Hapo ndipo nilipojifunza wimbo wenye tarehe. Kwaya za Tanzania zilikuwa na desturi hiyo tayari. Meli ya MV Bukoba ilipozama Ziwa Viktoria tarehe 21 Mei 1996, nyimbo za kwaya ziliusimulia msiba huo, na aliyekosa gazeti alijua habari. Sisi tuliichukua desturi tukaifanya kazi ya ofisi. Kwaya yetu ilikuwa na katibu mwenye daftari. Kila aliyevuka ziwa aliulizwa: umetoka kijiji gani, nani amebaki, nani amekufa, tarehe ngapi. Simu hazikuwapo. Watu walikuja kanisani Jumapili wakitega sikio kama jina la kaka yao litapita kwenye ubeti wa pili. Baada ya mauaji ya Makobola, yaliyoanza tarehe 30 Desemba 1998, tulitunga wimbo ambao beti zake zilichukua karibu nusu saa. Tarehe kwanza, mahali, kisha majina. Kiitikio cha kumsifu Mungu kilikuwa chepesi, cha kuchezeka, na sheria ya mwalimu wetu ilikuwa moja tu: hakiimbwi mpaka majina yote yameisha. Vijana walipotaka kukiweka baada ya kila ubeti ili watu wachangamke, mwalimu alifunga daftari akatutuma nyumbani.

Niliona jinsi kiitikio kile kilivyopokewa. Mama ambaye jina la mwanawe limetoka kutajwa aliinuka, akacheza, machozi yakimtoka, na hakuna aliyemwambia anyamaze wala aliyemwambia afurahi. Sijawahi kuona kitu kama hicho mahali pengine, na ndicho ninachojaribu kukifundisha hapa, kwa mafanikio kidogo.

Wahubiri wanapenda sana habari ya Paulo na Sila wakiimba gerezani Filipi usiku wa manane. Nimeisikia ikihubiriwa kambini, nimeisikia Buffalo, na karibu kila mara mhubiri hukimbilia tetemeko na milango kufunguka. Lakini Luka ameandika kwanza fimbo walizopigwa, akataja na mkatale uliobana miguu yao. Na asubuhi, walipoambiwa waondoke kimyakimya, Paulo alikataa: waliowapiga hadharani bila hukumu waje wenyewe kuwatoa. Aliyeimba usiku ndiye aliyedai haki asubuhi. Hapo wahubiri huwa wameshafika kwenye sadaka.

Kuanzia 2012 Umoja wa Mataifa ulipanga kuwahamishia nchi nyingine Wakongo 50,000 katika miaka mitano, na Marekani ikachukua wengi. Kesi yetu ilipita mahojiano baada ya mahojiano, vipimo vya kifua, mafunzo ya kutumia jiko la umeme. Nauli ya ndege ni mkopo, unalipa kidogo kidogo ukishapata kazi. Nililipa yangu kwa mshahara wa kusafisha wodi usiku. Tulipofika, wenye asili ya Kikatoliki walipata Our Lady of Hope, pale Lafayette karibu na Grant, kanisa lililoitwa Annunciation zamani. Sisi wengine tulikodi. Wenye jengo tunalokodi ni wazee wachache wema wanaoabudu asubuhi, nasi tunaingia saa nane mchana, na tunatakiwa tutoke kabla ya saa moja kwa sababu ya gharama ya kupasha joto.

Kwaya ya Buffalo ilinifundisha jambo ambalo Nyarugusu haikunifundisha. Kule karibu wote tulikuwa wa upande mmoja wa vita. Hapa, katika mstari mmoja wa alto, nina Wabembe, Wafuliiru, Waburundi, na Banyamulenge, yaani Watutsi wa Kongo. Tuliimba Makobola mwaka wetu wa kwanza. Baada ya mazoezi mama mmoja Munyamulenge, mtaratibu, hakuwahi kuzungumza zaidi ya salamu, akaniambia: Mwalimu, na tarehe 13 Agosti mtaiimba lini? Siku hiyo mwaka 2004, katika kambi ya Gatumba nchini Burundi, karibu na mpaka wa Kongo, watu zaidi ya 150 waliuawa usiku, wengi wao Banyamulenge waliokuwa wamekimbia Kivu ya Kusini. Walionusurika walianza kuletwa Marekani mwaka 2007, na baadhi yao wako Rochester, katika jimbo hili la New York.

Nilirudi nyumbani na swali hilo nikakaa nalo. Watu wa Makobola waliuawa na waasi wa RCD, na kwetu watu wengi, tuseme kweli, waliwatia Banyamulenge wote katika kapu moja na waasi hao. Nilipoleta hoja kwenye kwaya, wawili waliondoka na sare zao. Mzee mmoja wa besi alisema daftari letu ni la wafu wetu. Mwingine, Mrundi wa Ulyankulu aliyelelewa na ndugu wa uamsho, akamjibu kwa upole: Mzee wangu, sisi tulifundishwa kwamba anayetaka kuimba huanza kwa kusema yaliyo upande wake. Ilichukua majira yote ya baridi. Mwishoni tulitunga ubeti wa Gatumba, na mama yule ndiye aliyeleta majina, ameyaandika kwa mkono nyuma ya karatasi ya ratiba ya basi. Yeye mwenyewe aliimba kwa sauti kavu, kwa usahihi mno. Kwenye kiitikio mzee wa besi alitoka mstarini akaenda kucheza mbele yake, akiwa ameinamisha kichwa. Wale wawili hawakurudi, na sitasema kwamba furaha ile iliwafikia.

Mwaka 2022 Buffalo yenyewe ilitupa beti. Tarehe 14 Mei kijana mzungu aliyejaa chuki aliwaua watu weusi 10 katika duka la Tops, Jefferson Avenue, upande wa mashariki. Septemba, West Side Bazaar ya namba 25 Grant Street iliungua. Soko hilo lilianzishwa mwaka 2011 na shirika lililotokana na kanisa la Westminster Presbyterian, na humo wahamiaji wengi walipata meza yao ya kwanza ya biashara na sufuria yao ya kwanza ya kuuzia chakula; baadaye likafunguliwa upya Niagara Street. Kisha Desemba kikaja kimbunga cha theluji kilichoua zaidi ya watu 40 katika eneo letu, weusi wengi miongoni mwao. Krismasi iliangukia Jumapili, na magari yalipigwa marufuku barabarani. Hatukwenda kanisani. Tuliimba kwenye simu, kila mmoja jikoni kwake, sauti zikifika zimechelewana vibaya hivi kwamba tenor ilimaliza wakati soprano inaanza. Ilikuwa ibada mbaya kabisa kimuziki, na nimekataa ombi la vijana la kuiweka kwenye mtandao.

Ubeti wa Tops ulipingwa kuliko yote. Wale si wetu, walisema baadhi ya wazee, hatuwajui majina. Nikawaambia majina yamo kwenye gazeti, tuyasome. Tuliyasoma mazoezini, kumi yote, tukisaidiana matamshi. Miongoni mwao alikuwamo shemasi wa kanisa la Kipentekoste. Baada ya hapo upinzani uliisha wenyewe.

Vijana wetu sasa wanapendelea sifa na kuabudu: kinanda, maikrofoni, maneno manne yanayorudiwa robo saa mpaka mikono iinuke. Siwakatazi. Nimelia katika nyimbo hizo mimi mwenyewe, nikitoka zamu ya usiku, wakati sikuwa na nguvu ya kusikia jina la mtu yeyote. Lakini naona kinachopotea. Wimbo usiotaja lolote unaweza kuimbwa popote na yeyote, hata na aliyemdhulumu jirani yake jana, naye akaondoka amefurahi. Wazee wa Gahini wasingemruhusu.

Tarehe 20 Januari 2025 amri ilitiwa saini Washington kusimamisha mpango wa kupokea wakimbizi. Katika kwaya yangu kuna watu ambao mume, mama au mtoto alikuwa amemaliza mahojiano na kungojea ndege, na safari zikafutwa. Tumeanza kutunga. Tarehe tunayo, mahali tunapo, na majina yanaletwa, isipokuwa mara hii ni majina ya walio hai, na wenyewe wanatupigia kutoka kambini kuuliza kama wamo. Hapo pamezuka mgogoro ambao haujaisha. Kwa sheria ya mwalimu wangu wa Nyarugusu kiitikio hakiimbwi mpaka majina yaishe, na haya hayana dalili ya kuisha. Mchungaji amependekeza tuyaache majina, tuombee wote kwa jumla. Tumemkatalia kwa heshima. Mzee wa besi anataka tukiimbe kiitikio sasa hivi, na tukirudie kila jina jipya likiingia. Soprano wanasema hiyo ni njia ya vijana ya kuchangamsha watu, imeingia kwa mlango wa nyuma. Mimi bado sijaamua. Wakati huo huo nimeushusha wimbo kutoka G hadi F, kwa sababu waimbaji wawili wa tenor wamepewa zamu za usiku na aliyebaki hafiki juu.